Kikande, mkorofi wa mwambani

Ukimpata kikande aliyetolewa majini sasa hivi, usimtupe tengani kwanza. Mtazame mgongoni, nyuma kidogo ya macho. Kuna mwiba mnene umesimama wima. Jaribu kuulaza. Hauendi. Ongeza nguvu, tumia kidole gumba. Utachomwa kabla haujainama hata kidogo. Nyuma ya mwiba huo kuna mwingine, mdogo, ambao asiyejua hauoni. Ubonyeze huo kwa ncha ya kidole. Ule mkubwa unaanguka papo hapo na kulala kwenye mfereji wake, kama komeo lililofunguliwa.

Kikande ni samaki wa mchana. Jua likielekea kuzama anaingia katika tundu la tumbawe, anasimamisha mwiba wa mgongoni, anashusha mfupa alio nao tumboni, basi amejikabari juu na chini. Mawimbi ya kusi hayamtoi. Adui mwenye meno akimkuta humo, atauona mkia tu, na anaweza kuuvuta mpaka achoke mwenyewe. Wavuvi wa mshipi nao wanazijua habari zake. Kikande akiwahi kuingia tunduni na ndoana mdomoni, hapo huna samaki tena. Una kazi ya kufunga ndoana nyingine.

Duniani kuna aina 40 hivi za vikande, na pwani yetu ya Afrika Mashariki imejaliwa kuwa na nyingi kati yao. Wako weusi wa kibuluu wanaoelea kwa makundi mahali penye mkondo. Yuko mwenye madoa meupe makubwa tumboni na mdomo wa manjano iliyokolea, ambaye wafugaji wa samaki wa mapambo Ulaya na Marekani humnunua kwa bei ya kutisha. Wako wale wadogo wa maji mafupi, waliochorwa mistari usoni kana kwamba mchoraji alikuwa na haraka. Ndugu yao mmoja ndiye samaki rasmi wa jimbo la Hawaii, tena baada ya mvutano, kwa sababu sheria ya kwanza ya miaka ya 1980 ilikuwa ya muda na ikabidi mwaka 2006 itungwe nyingine. Na yuko baba lao, anayefikia urefu wa sentimita 75, ambaye nitamrudia, maana huyo asipotajwa wapiga mbizi watanilaumu.

Lakini ninayemtaka leo ni mmoja, na si mkubwa. Hazidi sentimita 30. Wanasayansi humwandika Balistapus undulatus. Mwili wake ni wa kijani kibichi kilichoingia weusi, umekatwa na mistari ya rangi ya chungwa inayoteremka kwa mshazari kutoka mgongoni kwenda tumboni, imejipinda kidogo, haifanani samaki kwa samaki. Mkia ni wa chungwa. Shinani mwa mkia kuna baka jeusi, na juu ya baka hilo kuna safu mbili za miiba midogo migumu ambayo mvuvi huikumbuka kila anapomshika vibaya. Dume akishakomaa hupoteza ile mistari ya usoni. Jike hubaki nayo. Ngozi yake haikwanguliwi magamba. Magamba yenyewe yamekuwa mabamba yaliyoungana, magumu kama nini sijui, na anayetaka kumpika humchuna.

Aliyemwandika samaki huyu kwa mara ya kwanza katika vitabu vya sayansi ni mtu ambaye wasomaji wa historia humjua kwa jambo jingine kabisa. Ni Mungo Park, yule Mskoti aliyetumwa kuutafuta Mto Niger. Kabla hajakanyaga Afrika alikuwa daktari msaidizi melini, na mwanzoni mwa miaka ya 1790 alisafiri na meli ya Kampuni ya Uhindi ya Mashariki mpaka Bencoolen, kisiwani Sumatra, mji ambao siku hizi unaitwa Bengkulu. Akiwa huko alikusanya samaki, na aliporudi London akaandika maelezo ya aina nane ambazo wasomi wa Ulaya hawakuwa nazo. Maelezo hayo yakachapishwa mwaka 1797, na kikande wetu akiwamo. Park mwenyewe akaendelea na mito. Niger ndio uliompa jina, na Niger ndio uliommaliza, huko Bussa, mwaka 1806. Bila shaka watu wa Sumatra, na wa pwani yetu pia, walikuwa wameshamchuna kikande na kumla vizazi na vizazi kabla jina lake halijafika London, lakini ndivyo mambo ya vitabu yalivyo.

Makazi ya kikande huyu ni mapana kuliko ya watu wengi. Yuko Bahari ya Shamu, yuko pwani yote ya Afrika Mashariki, yuko Maldivi, Indonesia, mpaka visiwa vya katikati ya Pasifiki. Anapenda mahali penye matumbawe mengi na mapango, kuanzia maji ya mtu kusimama mpaka kina cha mita 50 hivi. Hatembei na kundi. Ana mtaa wake, anaujua kila upenyo wake, na asubuhi utamwona akiukagua, jicho moja likitazama mchangani na jingine likikutazama wewe. Hilo la macho si maneno ya kupamba: kila jicho la kikande huzunguka peke yake.

Namna yake ya kuogelea nayo ni ya kwake. Samaki wengi husukumwa na mkia. Kikande mkia anauweka akiba. Kazi ya kila siku hufanywa na pezi la mgongoni na lile la chini, yanayopunga kwa pamoja kushoto na kulia, kwa hiyo anaweza kusimama mahali pamoja, kwenda mbele polepole, hata kurudi kinyumenyume bila kugeuka. Mkia huutumia akikimbia au akifukuza. Ukimtazama kwa mara ya kwanza unaweza kudhani ni mgonjwa, jinsi anavyokwenda upandeupande. Ngoja mpaka mwenzake aingie mtaani kwake.

Na kichwa! Karibu theluthi ya mwili ni kichwa, na macho hayako karibu na mdomo kama ulivyozoea kwa changu au chewa. Yako juu kabisa na nyuma, mbali na mdomo kadiri inavyowezekana. Mdomo wenyewe ni mdogo, lakini ndani yake kila taya lina meno manane ya mbele, makubwa, yenye makali, na misuli ya taya ni ya kuvunjia. Umbo hili la ajabu linaeleweka mara moja ukijua anakula nini.

Chakula chake ni cha kila aina: kaa, konokono, minyoo, sifongo, mwani, hata ncha za matumbawe. Si malaika wa mwamba, na anayetaka kumtetea asimfanye malaika. Ila kuna mlo mmoja ambao wengi mwambani hawauwezi na yeye anauweza. Ni urchini, yule mnyama mviringo aliyejaa miiba pande zote, ambaye ukimkanyaga unarudi ufukweni kwa mguu mmoja na kuanza kuulizia utomvu wa papai bichi. Miiba imemzunguka juu na ubavuni. Chini, penye mdomo, ni mifupi na haba. Kikande anajua. Akimkuta urchini mahali pa wazi, humpulizia maji kwa mdomo, au humshika kwa mwiba mmoja akamwinua na kumwachia, mpaka mnyama yule apinduke. Kisha hushambulia chini, anavunja ganda, anakula kilichomo. Yote hayo huku macho yako huko nyuma, mbali na miiba. Akimaliza, samaki wadogo wenye rangi za sherehe hukusanyika kugombania mabaki, na dakika chache baadaye hakuna kilichobaki ila vipande vya ganda mchangani.

Pwani ya Kenya ndiko ulikojulikana uzito wa mlo huo.

Mwaka 1968 Kenya ilitenga maji ya Malindi na Watamu kuwa mbuga za baharini, miongoni mwa za mwanzo kabisa barani Afrika. Kisite, kusini karibu na Wasini, ikafuata miaka ya 1970. Ndani ya mbuga hizo kuvua kukakatazwa kabisa. Nje, watu waliendelea kama kawaida, na kadiri idadi ya wavuvi ilivyoongezeka ndivyo miamba ya Vipingo, Kanamai, Bamburi na Diani ilivyozidi kukokotwa na kutegwa. Bila mtu kukusudia, Kenya ikawa na miamba ya aina mbili, jirani kwa jirani, maji yale yale, msimu ule ule. Miaka ya 1980 watafiti wawili, Tim McClanahan, Mmarekani aliyeifanya pwani hiyo kuwa kazi ya maisha yake, na Nyawira Muthiga, Mkenya aliyebobea kwenye urchini, wakaanza kulinganisha.

Walichokikuta kilionekana hata kwa mtu asiye na kipimo. Nje ya mbuga, sakafu ya mwamba ilikuwa imetobolewa vishimo, na katika kila kishimo mna urchini mdogo wa miiba mifupi, wa rangi ya kahawia au zambarau, aitwaye Echinometra mathaei. Ndani ya mbuga ilibidi utafute. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1990, McClanahan na mtafiti mwingine walionyesha kwamba kwenye miamba inayovuliwa, urchini walikuwa wengi zaidi ya mara 100 kuliko kwenye ile iliyolindwa, na kwamba urchini aliyewekwa wazi kwenye mwamba uliolindwa alikuwa na hatari ya kuliwa mara nne zaidi. Wakauliza swali lililobaki: ni nani anayewala? Miongoni mwa jamii za samaki wenye kula urchini, ni vikande waliokuwa wengi ndani ya mbuga na haba nje. Na mbele ya vikande wote akasimama huyu wa mistari ya chungwa. Wapo samaki wengine wanaojaribu, lakini yeye ndiye mwenye karamu.

Msomaji anaweza kusema: urchini wakiwa wengi kuna nini? Si wanyama tu kama wengine? Hapa inafaa kukaa kidogo.

Urchini hula kwa kukwangua. Chini ya mwili wake ana chombo cha meno matano ambacho Aristotle alikieleza zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na ambacho mpaka leo vitabu vya elimu ya wanyama hukiita taa ya Aristotle. Kwa meno hayo hakwangui mwani peke yake. Anakwangua na jiwe. Mmoja si kitu. Wakiwa kwa maelfu, usiku na mchana, mwamba unaliwa kwa kasi kuliko matumbawe yanavyoweza kuujenga. Kuna madhara mengine yasiyoonekana haraka. Juu ya miamba yenye afya hutanda utando mgumu wa waridi, ambao ni mwani wa aina yake unaojenga chokaa, na watoto wa matumbawe hupenda kutua juu ya utando huo na kuanza maisha. Penye urchini wengi utando huo hupungua sana. Kwa hiyo matumbawe ya zamani yanatafunwa na mapya hayapati pa kutua.

Halafu kuna habari ya pono na tafi, ambayo ndiyo ingepaswa kumgusa mvuvi kuliko yote. Samaki hao wanakula mwani. Urchini naye anakula mwani. Tofauti ni kwamba urchini anaweza kuishi kwa kidogo mno; mwili wake hauna gharama, hakimbii, hafukuzi. Mwani ukikwanguliwa mpaka ukabaki uji mwembamba juu ya jiwe, samaki huhama au hudumaa, urchini hubaki. Mwamba wa namna hiyo umejaa uhai, ukitaka kuhesabu, lakini ni uhai ambao huwezi kuupeleka mnadani.

Katika jamii ya urchini wenyewe kuna jambo jingine ambalo mimi nimelipenda zaidi ya takwimu zote. Yule mdogo mwenye vishimo ndiye mbabe anapogombania nafasi na wenzake wa miiba mirefu. Humfukuza mgeni tunduni kwake bila simile. Lakini ndiye pia anayeliwa kwa urahisi zaidi, kwa sababu miiba yake ni mifupi. Kikande akiwapo, mbabe huyo anapunguzwa, na urchini wa aina nyingine wanapata mahali. Kikande akiondoka, mbabe anatawala mwamba mzima. Samaki mmoja wa sentimita 30 anaamua ni nani awe jirani ya nani.

Kama shida ni urchini, kwa nini wasiokotwe tu? Wazo hilo lilijaribiwa Kenya miaka ya 1990. Urchini wakaondolewa kwenye vipande vya miamba, na watafiti wakangoja mwaka mmoja. Kwenye miamba iliyokuwa inavuliwa, ambako pono na tafi walikuwa wachache, mwani ulishamiri ukayafunika matumbawe. Mwamba ulitoka mdomoni mwa urchini ukaingia chini ya majani. Palipokuwa na samaki wa kutosha wa kula mwani, mambo yalikuwa nafuu. Kumbe mwamba hauponywi kwa kuondoa kitu kimoja.

Sasa tuje kwa kikande mwenyewe, na namna anavyotoweka. Hakuna anayemwinda kwa jina lake. Ukimwuliza mvuvi wa mwambani anatafuta nini atakutajia tafi, changu, chewa, mkundaji. Kikande huja kwa bahati. Tatizo lake ni tabia: ana udadisi na hana woga. Samaki wengine wakimwona mtu au chambo hukaa mbali kwanza. Yeye huja kutazama. Huingia demani kufuata chambo, na wategaji wa dema mara nyingi hutumia mwani na urchini waliopondwa, yaani karamu yake kabisa. Hung'ata ndoana ndogo kabla ya wenye adabu hawajafika. Na kwa kuwa kila mmoja ana mtaa wake, ukiwatoa wawili watatu mahali fulani umemaliza mtaa mzima.

Ufukweni hawekwi kwenye fungu la kwanza. Samaki wakubwa wazuri huchukuliwa na tajiri kwa ajili ya hoteli na mji. Kikande huangukia kwenye mchanganyiko, pamoja na kangaja wadogo na vitatange, na mchanganyiko huo ndio unaonunuliwa na kina mama wa kukaanga, wale ambao Mombasa na Kilifi huitwa mama karanga. Nyama yake si mbaya hata kidogo, nyeupe na ngumu kiasi, ila kumchuna kuna kazi, na akiwa mkubwa ni afadhali zaidi. Sisemi mama karanga ana kosa. Anayekaanga samaki ili mtoto aende shule hawezi kupigiwa hesabu ya urchini na mtu aliyeshiba. Ninachosema ni kwamba katika mnyororo wote ule, kuanzia demani mpaka kikaangoni, hakuna mahali ambapo kazi ya samaki huyu ingeonekana katika bei yake.

Ndipo tunapofika kwenye jambo linalowachosha wasimamizi wa mbuga. Kikande akishaondoka harudi upesi. Mbuga ya Mombasa ilitangazwa miaka ya 1980, lakini uvuvi ndani yake ulikoma kweli mwanzoni mwa miaka ya 1990. Samaki wengi walirudi baada ya miaka michache na watu wakafurahi. Urchini hawakuondoka kwa kasi hiyo. McClanahan alipolinganisha mbuga changa na kongwe za Afrika Mashariki, matokeo aliyoyachapisha mwaka 2000 yalionyesha kwamba kikande hujijenga polepole mno, na kazi yake ya kuwala urchini hurejea kwa hesabu ya miongo, si ya miaka miwili mitatu. Katikati ya safari hiyo likaja joto la bahari la mwaka 1998, ambalo liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani hii, na vikande waliokuwa wakirudi wakakuta nyumba imebomoka.

Kwa hiyo mtu anayefunga eneo la bahari leo na kuahidi matunda kabla ya uchaguzi ujao anawadanganya wavuvi, hata kama nia yake ni njema. Wavuvi si wajinga. Diani na Chale palipotangazwa hifadhi mwaka 1995, wenyeji waliikataa, na mpango ukabaki kwenye karatasi. Walikuwa na sababu zao, na mojawapo ilikuwa kwamba hawakuulizwa.

Kuruwitu, kaunti ya Kilifi, mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Hapo wavuvi wenyewe ndio walioona bahari yao imekonda, wakaunda chama mwaka 2003, na baada ya miaka michache ya kubishana wakafunga kipande cha mwamba wao. Maeneo ya namna hiyo pwani ya Kenya huitwa tengefu, na baada ya Kuruwitu yalizaliwa mengine kaskazini na kusini. Mwaka 2017 Kuruwitu walipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Tengefu ni ndogo, na wapo wanaobeza udogo wake, lakini kwa samaki mwenye mtaa wake, asiyehamahama, eneo dogo linaloheshimiwa lina maana kubwa kuliko hifadhi pana inayoingiwa usiku. Huo ni uamuzi wangu, si wa watafiti, ingawa sidhani watanipinga sana.

Upande wa Unguja kuna Chumbe, kisiwa kidogo kusini ya mji, ambacho mwamba wake ulifungwa miaka ya 1990 na unalindwa na walinzi waliokuwa wavuvi. Mafia nayo ina hifadhi tangu 1995, ambako watu wanaishi na kuvua kwa masharti. Kila mahali pana ugomvi wake.

Jaribio ambalo mimi naliona la busara zaidi ni la dema. Watafiti na wavuvi wa Kenya walitengeneza dema zenye upenyo mwembamba wa wima ubavuni, samaki wachanga na wale wembamba wasio na bei wapite watoke. Wakapima mavuno. Walibaki samaki wakubwa zaidi, na kipato cha mvuvi hakikushuka, kilipanda. Kikande mchanga, aliyebanwa ubavuni kama walivyo wote wa jamii yake, anaupita upenyo huo bila shida. Aliyekomaa hapiti. Huyo ataokolewa na mkono wa mvuvi peke yake, na mkono huo utafanya hivyo siku mwenyewe atakapoona kwamba tafi wake wa mwaka ujao wako mikononi mwa mkorofi huyu.

Anayetaka kumwona hana haja ya mtungi wa hewa. Kisite, Watamu, Chumbe, maji yakiwa yamekupwa na bahari imetulia msimu wa kaskazi, miwani ya kuogelea na mtu wa kukuongoza vinatosha. Usimtafute mchangani. Tazama kwenye mteremko wa mwamba, penye vivuli, na usimkimbilie. Akikuona unamfuata ataingia tunduni na utabaki kutazama mkia. Kaa mahali pamoja, atakuja mwenyewe. Ukikaribia sana unaweza kusikia mkoromo mfupi, kama wa mtu anayesafisha koo: vikande hutoa sauti hiyo kwa mabamba yaliyo nyuma ya shavu, karibu na kibofu cha hewa, na wavuvi huisikia pia wanapomtoa majini.

Yule baba lao, mwenye sentimita 75, ni habari nyingine. Wakati wa kutaga huchimba sahani pana mchangani kwa kupuliza maji, mayai yakawekwa humo, na wazazi wakasimama zamu. Kwa aina kadhaa za vikande zilizochunguzwa mayai hutagwa alfajiri na kuanguliwa usiku wa siku hiyo hiyo, kwa hiyo ulinzi ni wa kutwa moja tu, ila kutwa hiyo hana mzaha. Mtaa anaoulinda haukomei mchangani; unapanda juu kuelekea uso wa maji, ukipanuka kadiri unavyopanda. Mpiga mbizi anayekimbilia juu anabaki ndani ya mtaa, na anaendelea kufukuzwa. Dalili ni kusimama kwa ule mwiba wa mgongoni na kichwa kuinama chini. Ukiziona, ondoka kwa ubavu, ukiwa chini chini, bila kumpa mgongo. Na akija kweli, mpe pezi la mpira alitafune, usimpe kisigino.